Chupa ya Jumanne

Jumanne, 4 Machi
Kwa Fundi wa Maabara, Ghalani

Chupa moja ya dawa ya madoa, kutoka tangi la pili. Kipimo changu cha asubuhi: klorini asilimia 5.2. Tafadhali pima ikifika, uandike chini ya hapa, umpe dereva arudishe.

Samahani kwa chupa yenyewe. Zile za kahawia zimekwisha. Mtu wa stoo ameleta hizi nyeupe zinazoonyesha hadi ndani, akasema chupa ni chupa.

Fundi wa Maabara, Kiwandani

*

Jumatano, 5 Machi
Kwa Fundi wa Maabara, Kiwandani

Imefika. Kipimo changu: 5.2. Tumelingana, mzigo umepokelewa.

Nyuma ya karatasi yako pameandikwa: sukari, sabuni ya kipande, dawa ya kikohozi ya mama usisahau tena. Sijui kama na hayo natakiwa kuyajaza.

Fundi wa Maabara, Ghalani

*

Jumanne, 11 Machi
Ndugu Fundi wa Ghalani,

Aibu niliyoipata ni ya kujifunika koti usoni. Karatasi ile niliitoa mfukoni nikidhani ni tupu. Sukari na sabuni ni zangu, kikohozi ni cha mama yangu. Naishi naye, na kila nikirudi huuliza kwanza kama nimekumbuka, ndipo aitikie salamu. Hukuombwa kujaza kitu, ingawa kama unajua dawa inayofanya kazi kuliko ile ya duka la hapa, ushauri sitaukataa.

Miaka yote hii nakutumia chupa na sikuwahi kujua kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Nilipomuuliza dereva alisema, "Ni mama mmoja hivi. Hacheki." Nikamwambia basi huyo ni fundi wa kweli.

Kipimo: 5.2.

Fundi wa Kiwandani, mwenye karatasi chafu

*

Jumatano, 12 Machi
Ndugu Fundi wa Kiwandani,

Nacheka. Sicheki mbele ya dereva tu, kwa sababu ukimpa meno anapiga soga mpaka ghala linafungwa.

Chemsha tangawizi, kamulia limau, mama anywe ikiwa moto. Asipoitaka mwambie imetoka maabara.

Kipimo changu: 5.0. Mpaka wa kupokea mzigo ni huohuo 5.0, kwa hiyo umepita kwa kuinama. Nimerudia nikapata vilevile. Siku zote tunalingana. Hebu safisha bureti yako, pengine mrija una uchafu.

Fundi wa Ghalani

*

Jumanne, 25 Machi
Ndugu wa Ghalani,

Bureti nimeisafisha mpaka imeniomba msamaha. Nimetengeneza upya kila kioevu kwenye rafu. Wanga nimechemsha mpya, ule unaotupa bluu yetu. Wewe unaijua ile raha: unadondosha, unazungusha, bluu inang'ang'ania, halafu tone moja tu na chupa nzima inakuwa kama maji. Mimi nasimama hapohapo bluu inapokufa, siongezi hata tone la kuisindikiza. Wenzangu huku wanaona kazi hii ni ya kuchosha. Wanasema nakodolea macho kimiminika kwa mshahara mzima. Mimi naipenda. Kila asubuhi najua kitu kimoja ambacho jana yake sikukijua, na hakuna anayeweza kubishana nacho, isipokuwa wewe.

Mama anakusalimu. Amekunywa tangawizi ya maabara, sasa anakohoa kwa adabu. Ameniuliza una umri gani. Nimemwambia hilo halipimwi kwa bureti, akanisonya.

Kipimo: 5.2, na safari hii nakilia kiapo.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 26 Machi
Kwa Fundi wa Maabara, Kiwandani

Kipimo changu: 4.8.

Kwa namba hiyo sina ruhusa ya kupokea mzigo. Makatoni yote yako uani chini ya turubai, na watu wa mauzo wananiangalia kama niliyewapokonya tonge mdomoni. Wiki iliyopita ilikuwa 4.9, ikawa hivihivi. Kama huko mnaongeza maji, niambie mapema. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na habari za mama.

Fundi wa Maabara, Ghalani

*

Jumanne, 8 Aprili
Ndugu wa Ghalani,

Neno la maji limenichoma, nimekaa nalo wiki nzima. Halafu nikafanya ambalo ningelifanya mapema kama nisingekuwa na hasira. Nimechukua katoni moja ya mzigo uleule ulioukataa, tuliyobaki nayo huku, nikaipima. Ni 5.2. Kwa hiyo dawa ni nzima, na maji hatuongezi.

Nikamgeukia dereva. Nilimuuliza, kwa upole kabisa, kama chupa huwa inafunguliwa njiani. Hakusema nami siku nzima. Mwendo wake ambao siku zote ni wa kobe ukawa wa konokono, na mzigo wako nasikia uliingia jioni. Sasa nimeshamnunulia soda, tumepatana.

Tumebaki mimi na wewe. Mmoja wetu anakosea, na kila mmoja ana hakika si yeye.

Dereva amenishauri nikupigie simu badala ya kumbebesha makaratasi. Nimelifikiria. Kwenye simu mimi husema "ndiyo, ndiyo, sawa" nikakata, kisha naanza kukumbuka niliyotaka kusema. Acha niandike.

Mama bado anakusalimu. Sikumwambia habari ya mafuta na chupa.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 9 Aprili
Ndugu wa Kiwandani,

Neno la maji nalirudisha, na la mafuta pia. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu ana mdomo mbaya. Kipimo cha chupa ya jana ni 4.8 tena, na sasa nitakwambia hofu ni ya nini.

Meneja wa Ubora ameniandikia. Sijui ninyi mnamwitaje, sisi huku ni Mama Nukta, kwa jinsi anavyoweza kugombana na mtu kwa ajili ya namba iliyo baada ya nukta. Anasema maabara ya ghala inazuia mizigo mizuri bila sababu. Vipimo visipolingana mpaka mwisho wa Mei, maabara itafungwa na mimi nitahamia stoo kuhesabu makatoni. Kiwanda hakiwezi kukaa bila maabara, ghala linaweza. Hata ningekuwa mimi yeye, ningefunga hii.

Lakini chumba hiki kilikuwa cha mifagio. Nilikiomba mpaka wakachoka kunikatalia. Baba yangu ni seremala aliyestaafu, ndiye aliyenichongea meza, akaipaka vanishi ambayo hata dawa yenu haiiwezi, na mpaka leo kila Jumamosi anakuja kukaza misumari ambayo haijalegea. Nina sinki moja, mizani moja, stuli moja. Nikivaa koti langu jeupe nikafunga mlango, kichwa kinatulia na mikono inajua la kufanya. Dada yangu, ambaye nakaa naye, anasema nimeolewa na meza. Namwambia haikoromi.

Sitaki kuhesabu makatoni. Nisaidie. Nieleze unavyofanya tangu unapoingia mpaka chupa inapoondoka, hata ya kipuuzi. Pengine kosa limekaa kwenye jambo ambalo hakuna anayeona haja ya kuliandika.

Wako wa Ghalani

*

Jumanne, 15 Aprili
Ndugu wa Ghalani,

Nimeisoma barua yako kwa mama, ila kipande cha makatoni nimekiruka. Alicheka kwenye meza isiyokoroma mpaka kikohozi kikamrudia. Kwa hiyo ni deni lako.

Haya, hatua kwa hatua. Nikiingia nafungua madirisha, maana harufu ya klorini ikilala ndani inaingia mpaka kwenye chai. Navaa koti, miwani, glavu. Nachota tangini kwa jagi, napima palepale, na kutoka jagi hilohilo najaza chupa yako. Nafunga kifuniko mpaka kidole kinauma. Hakuna anayeigusa isipokuwa mimi.

Zamani nilikuwa nayafanya hayo dereva akishapiga honi, mbiombio, namrushia chupa dirishani kama mtu anayefukuzwa. Siku hizi nachota mapema, ili nipate nafasi ya kukuandikia bila kuhemewa. Meza yangu iko chini ya dirisha. Jua la asubuhi linaingia lote, linaupasha mkono moto, na chupa yako naiweka mbele yangu ikisubiri nayo. Inang'aa vizuri. Naandika mpaka honi ilie. Leo nimeanza mapema zaidi ya siku zote, nilikuwa na mengi.

Ulisema hata ya kipuuzi. Basi la kipuuzi ni hili: Jumatatu jioni nikifunga maabara huwa nina furaha isiyo na sababu, mpaka mlinzi ananiuliza nimepandishwa cheo.

Usiogope. Tutaipata.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 16 Aprili
Kwa Fundi wa Maabara, Kiwandani

Imefika. Kipimo changu: 4.7.

Jumanne ijayo usiniandikie. Weka namba tu. Chota dereva akishapiga honi, kama zamani. Usiniulize sababu, nitakueleza.

Fundi wa Maabara, Ghalani

*

Jumanne, 22 Aprili

Kipimo: 5.2. Imechotwa honi ikilia.

Fundi wa Maabara, Kiwandani

*

Jumatano, 23 Aprili

Kipimo changu: 5.2.

Jumanne ijayo niandikie. Chota mapema, kaa palepale, chupa mbele yako kama ulivyozoea, na barua iwe ndefu kuliko zote. Bado usiulize.

Fundi wa Ghalani

*

Jumanne, 29 Aprili
Ndugu wa Ghalani,

Umeniweza. Wiki moja nimefungwa mdomo, wiki inayofuata naagizwa barua kwa urefu, kama kitambaa. Unanifungua na kunifunga kama bomba la sinki lako. Nami kwa kuwa sina akili nimeamka mapema, nimechota, nimekaa, jua hilo hapo, chupa hiyo hapo, na sijui nianze wapi.

Nianze na mama. Jumanne ile ya honi aliniuliza nimekuandikia nini, nikasema umenikataza, ni namba tu. Akaacha kula. Akasema, "Umemuudhi mwenyewe, na mdomo wako huo." Nikasema labda ameolewa, au kuna aliyemkataza. Mama akasema kama ni hivyo nikutakie heri nisitie neno. Kama ni hivyo, basi heri, na niambie nijitoe kwa heshima.

Sasa nikuambie nilivyoingia kwenye kazi hii, hujawahi kuniuliza lakini urefu unatakiwa. Nilikuja kiwandani kubeba magunia. Siku moja mlango wa maabara ulikuwa wazi, na fundi wa wakati ule alikuwa anadondosha. Nikasimama na gunia begani nikaiona bluu inapotea. Nikadhani ni mazingaombwe. Msimamizi akaniita, sikusikia, akaja kunivuta sikio kweli. Mwaka uliofuata niliomba kwenda chuo, nikaenda, nikarudi na koti. Gunia lile sikumbuki kama nililifikisha.

Tangu hapo sijachoka. Nasema ukweli. Nina mama ambaye anacheka, nina kazi inayonijibu nikiiuliza, nyumba yetu haivuji. Nilikuwa mtu aliyeshiba. Kisha karatasi ya sukari na sabuni ikaenda kwako kwa bahati mbaya, na sasa Jumanne bila barua ni siku mbovu. Nilimpa dereva chupa ile ya honi, nikabaki nimesimama dirishani na mikono haijui iende wapi. Sitazunguka: ukinyamaza nakukosa. Sijawahi kuuona uso wako na nakukosa. Hilo nalo liandike kwenye kipimo.

Honi inalia. Kama urefu hautoshi, ni kosa la dereva, leo amewahi.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 30 Aprili
Ndugu yangu wa Kiwandani,

Kipimo changu: 4.6. Kibaya kuliko vyote. Sasa kaa chini.

Ni jua.

Ni lile jua lako la asubuhi, kwenye chupa inayoonyesha hadi ndani, chini ya dirisha. Kitu cha kwanza tulichofundishwa sote wawili ni kwamba dawa ya madoa haipendi jua, linaila klorini yake, ndiyo maana inauzwa kwenye madumu yasiyoonyesha ndani na sampuli zake zinakaa kwenye chupa za kahawia. Chupa za kahawia zilipokwisha haikudhuru kitu, kwa sababu ulikuwa unachota honi ikilia. Kisha ukaanza kunichekesha.

Nimezipanga barua zako zote kwenye meza ya baba, na juu ya kila moja kipimo chake. Barua ikiwa fupi, chupa inafika nzima. Ikiwa ndefu, chupa inafika imechoka. Barua ya aibu na kikohozi ilipunguza kidogo. Barua ya bluu inayokufa ilipunguza zaidi. Hii ya jana, ambayo nimeisoma mpaka nimeikariri, ndiyo iliyoiua kabisa.

Nilihisi mara tu uliponieleza meza na dirisha. Sikukwambia kwa sababu ungeikinga chupa, na nisingekuwa na hakika. Ilibidi nikunyime barua wiki moja, kisha nikuombe ndefu. Nisamehe. Kipimo cha haki ni kile ambacho mpimwaji hajui.

Lakini sitaki ubaki na jambo lingine lolote kichwani: hakuna aliyenikataza, na sijaolewa ila na meza. Wiki ile ya namba tupu nilimjibu dada yangu vibaya siku tatu, mpaka watoto wake wakaniuliza nani amekufa. Nami nakukosa. Liandike.

Wako wa Ghalani

*

Jumanne, 6 Mei
Wangu wa Ghalani,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kisha nikachukua kipande cha karatasi ngumu nikaziba dirisha zima, mpaka wenzangu wakauliza kama kuna msiba.

Mimi. Mimi ambaye kila mwaka nawasimamisha wanafunzi wa mazoezi mbele ya kabati la giza na kuwaambia jua ni adui. Na ningewaona wao wameweka chupa pale ningewafokea. Nilijua na sikuona, kwa sababu macho yalikuwa kwenye karatasi.

Kinachoniuma ni hiki: umenieleza habari ya chumba cha mifagio na meza ya baba yako, nami nikakaa kukuliwaza kwa ukurasa mzima, na kila mstari niliouandika ulikuwa unakufukuzisha kazi. Ningekuwa adui yako nisingeweza kufanya vizuri zaidi.

Chupa ya leo iko kabatini tangu nilipoijaza, imefungwa ndani ya koti langu la akiba. Naandika mezani kwa raha. Kipimo 5.2.

Keshokutwa naenda kwa Mama Nukta.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 7 Mei
Wangu wa Kiwandani,

5.2. Nimepima, nimepiga makofi peke yangu, watu wa mauzo wakanisikia kwa nje wakadhani nimevunja kitu.

Sikiliza sasa, na safari hii unitii. Kwa Mama Nukta usitaje barua. Barua za binafsi, saa za kazi, sampuli mezani: atakuweka kitimoto. Sema chupa za kahawia zilikwisha na nyeupe zinapitisha jua. Huo ni ukweli, hakuna anayeweza kuukana, na lawama inaenda kwa mtu wa stoo ambaye hata hataisikia. Maabara yangu ikibaki halafu wewe ukaondolewa kwenye yako, nitakuwa nimepata nini?

Wako wa Ghalani

*

Jumanne, 13 Mei
Wangu wa Ghalani,

Sikukutii. Ngoja nikueleze kabla hujakasirika.

Niliingia na maneno yako kichwani, nimeyapanga vizuri. Nikasema chupa, nikasema kahawia, nikasema nyeupe. Mama Nukta alikuwa na vipimo vyetu vyote mbele yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake, akasema, "Chupa ni nyeupe tangu Machi. Mbona tarehe ishirini na mbili Aprili mlilingana?"

Unajua anavyosubiri, hata feni inaona haya. Nikafikiri: nikijikanyagakanyaga hapa, ataamini vipimo vya ghala ni vya kubahatisha, na chumba kinafungwa. Nikaiona ile meza ambayo sijawahi kuiona. Nikasema yote. Dirisha, jua, chupa, na mimi naandika.

Akauliza, "Unaandika nini?"

"Barua, mama. Kwa fundi wa ghalani."

"Za kazi?"

"Zilianza za kazi."

"Na sasa?"

"Sasa ni zangu, mama."

Akaangalia vipimo tena, moja moja, kidole kinashuka. Akasema, "Kwa hiyo huyu wa ghala alikuwa anapima sawasawa wakati wote." Nikasema ndiyo. "Na akagundua chanzo kwa kukunyima barua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo nitamfungia maabara, niko na akili timamu?"

Basi ndiyo hiyo habari. Maabara yako inabaki. Mimi nimepewa onyo la maandishi, limeingia kwenye faili langu, na nimelitia sahihi kwa mwandiko mzuri. Chupa za kahawia zimeagizwa. Na kila baada ya miezi miwili, mafundi wote wawili wakae meza moja wapime chupa moja, kwa kuanzia ghalani, mwisho wa mwezi huu. Nilipofika mlangoni akaongeza bila kuinua uso, "Barua andikia nyumbani. Kuna meza huko."

Kasirika sasa, nimemaliza.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 14 Mei
Wangu wa Kiwandani,

5.2.

Nimekasirika. Nilifunga mlango kwanza, nikalia kidogo, nikanawa uso kwenye sinki langu ambalo bado ni langu, nikakasirika tena. Ulinidanganya kwamba kwenye mazungumzo husema "ndiyo, ndiyo" tu. Kumbe na kwa Mama Nukta umesema ndiyo, lakini za maana.

Baba amekuja Jumatano badala ya Jumamosi kwa sababu nilimpigia. Nilimwambia maabara haifungwi, na onyo amelibeba mwingine. Akatoa nyundo, akakaza misumari yote upya. Kisha akauliza, "Huyo aliyejitia kitanzini ni nani?" Nikasema ni mwenzangu wa kazini. Akauliza kama mwenzangu wa kazini anakaa kwenye nini akija, maana stuli ni moja.

Asante. Naliandika tena lisomeke vizuri: asante.

Wako wa Ghalani

*

Jumanne, 20 Mei
Wangu wa Ghalani,

Naandika nyumbani, kama nilivyoamriwa. Jikoni, mama yuko upande wa pili wa meza anajifanya anachambua mchele. Chupa za kahawia bado hazijafika, kwa hiyo ameishonea chupa yako mfuko mweusi kutoka mwavuli uliovunjika, una kamba ya kukaza shingoni. Alipomaliza akaushika juu akasema, "Mkwe gani huyu, anatumiwa chupa iliyovaa kuliko mwanangu." Nimemwambia asiseme neno lile. Amelisema mara nyingine mbili.

Jumanne ijayo nakuja na gari. Dereva ameshaniambia masharti: nisimwambie aongeze mwendo na nisimtaje yeye kwenye maandishi yoyote.

Nina woga mmoja, bora uujue kabla. Barua zangu zina maneno, mimi mwenyewe sina mengi. Nikifika naweza kusimama mlangoni kama siku ile ya gunia. Usidhani sijafurahi.

Wako wa Kiwandani

*

Jumatano, 21 Mei
Wangu wa Kiwandani,

5.2, na mfuko ni mzuri. Mwambie mama nimeupokea kwa mikono miwili, na neno lile nimelisikia.

Njoo tu. Nitaongea mimi mpaka urudiwe na sauti. Dereva atakwambia sicheki, usimwamini.

Baba amechonga stuli ya pili.

Wako wa Ghalani

*

KARATASI YA KIPIMO CHA PAMOJA
Jumanne, 27 Mei
Mahali: Maabara ya Ghala
Kwa Meneja wa Ubora

Kipimo cha fundi wa kiwandani: cha kwanza 5.5, kimefutwa. Macho hayakuwa kwenye chupa, bluu ikapitilizwa. Kimerudiwa: 5.2.

Kipimo cha fundi wa ghalani: 5.2.

Maelezo: Vipimo vinalingana. Chupa imefika gizani, ndani ya mfuko. Safari hii haikuja na barua, aliyekuwa akiziandika ameileta mwenyewe. Dereva amepiga honi mara tatu na hajajibiwa.

Fundi wa Maabara, Kiwandani
Fundi wa Maabara, Ghalani